Maswali ya Wasomaji: Kishikwambi Kiingie, Kipi Kitoke?

SWALI: *Mwanangu, nina miaka 71 na nimestaafu. Juu ya meza yangu kuna kompyuta ya zamani ambayo kila nikiiwasha inaniambia haipati tena masasisho ya usalama, kamera ndogo ambayo betri yake haikai na chaji, redio, kifaa cha kusomea vitabu, kifaa cha muziki nilichopewa na kijana wangu, na simu ya mkononi ambayo maandishi yake siyaoni bila miwani. Kila kimoja kina waya wake, na waya wa hiki hauingii kwenye kile. Watoto wananihimiza ninunue kishikwambi niachane na vyote hivyo. Je, ni kweli kitu kimoja kitafanya kazi za vyote? Na nikienda kununua, niangalie nini?*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi kabla ya kwenda dukani: umevihesabu vitu vyako. Kishikwambi, au tableti kama wengine wanavyokiita, kinaweza kukupunguzia mzigo, lakini kwa sharti kwamba kinapoingia, kingine kitoke. Kikiingia huku vyote sita vikibaki palepale, utakuwa umejiongezea kifaa cha saba, chaja ya saba na neno la siri jingine la kukumbuka. Ndiyo maana nakuomba tuanze na vile vitakavyoondoka, kisha ndipo tuzungumzie kununua.

Kompyuta kwanza. Kama inatumia Windows 10, onyo unaloliona ni la kweli, kwa kuwa Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupandishwa hadi Windows 11 kwa sababu mfumo huo unadai chipu maalumu ya usalama pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni. Lakini usiiondoe kwa sababu ya onyo peke yake. Chukua daftari, na kwa muda wa wiki mbili, kila unapoiwasha, andika umeiwasha kwa ajili ya nini. Ukikuta ulikuwa ukisoma barua pepe na habari, ukitazama picha za wajukuu, ukizungumza nao kwa video au ukiangalia salio la benki, kishikwambi kitayafanya yote hayo, tena kitawaka mara tu unapokigusa. Ukikuta unaandika barua ndefu, bado inawezekana, mradi uongeze kibodi ndogo inayounganishwa kwa Bluetooth, maana kuandika kurasa tatu kwa kugusa kioo kunachosha vidole na akili. Lakini ukikuta unatunza hesabu za kikundi kwenye majedwali makubwa, au unachapa karatasi kwa printa ya zamani inayotegemea waya na isiyo na Wi-Fi, usiiage kompyuta bado. Majedwali makubwa yanasumbua kwenye kioo cha kugusa, na printa ya namna hiyo kwa kawaida haielewani na kishikwambi kabisa.

Kamera inaweza kutoka, ingawa huenda si kwa sababu unayoifikiria. Kishikwambi ni kizito na kipana, na kukinyanyua kwa mikono miwili ili kumpiga picha mtoto anayekimbia ni kazi isiyo na raha; kile cha kwanza kabisa cha Apple, kilichotangazwa Januari 2010, hakikuwa na kamera hata moja. Siku hizi vyote vinazo, na zinafaa sana kwa mazungumzo ya video, lakini kinachochukua nafasi ya kamera yako ni simu uliyo nayo mfukoni. Unapiga kwa simu, unatazama kwenye kishikwambi. Simu na kishikwambi vikitumia akaunti moja, na ukiwa umeruhusu picha zihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, picha iliyopigwa huku inatokea kule yenyewe, ikiwa kubwa kiasi cha kuona meno ya mjukuu yaliyoanza kuota. Kifaa cha muziki kitoke pia, kwani nyimbo zako zinaweza kuhamishwa zote.

Redio usiitoe. Haihitaji intaneti, haihitaji neno la siri, haidai masasisho, na umeme ukikatika inaendelea kusema kwa betri zake. Wapo watakaokuambia kwamba kishikwambi kinapokea idhaa zote za dunia, na ni kweli kinazipokea nyingi kupitia intaneti, lakini kifaa kinachofanya kazi moja vizuri bila kukusumbua hakina kosa lolote. Kifaa cha kusomea vitabu nacho kina hoja yake. Kioo cha wino wa kielektroniki huakisi mwanga kama karatasi, husomeka hata juani, na betri yake huweza kukaa wiki kadhaa, wakati kioo cha kishikwambi hung'aa na kugeuka kuwa kama cha kujitazamia ukikitoa nje. Kama unasoma saa nzima au zaidi kila siku, kibakishe. Kama unasoma kurasa mbili kabla ya usingizi, vitabu vyako vitasomeka kwenye kishikwambi, nacho kiende zake.

Simu itabaki kwa vyovyote, na hapa nakusihi usiwasikilize wanaosema vinginevyo. Namba yako ya simu ndiyo kitambulisho chako katika mambo mengi: benki hutuma tarakimu za uthibitisho kwenye laini hiyo, na WhatsApp hujiandikisha kwa namba hiyo. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakipokei ujumbe mfupi wa kawaida, na iPad, yaani kishikwambi cha Apple, hata ile yenye nafasi ya laini, hutumia laini hiyo kwa intaneti tu. WhatsApp unaweza kuiunganisha na kishikwambi huku simu ikibaki kuwa kifaa kikuu. Kwa iPad programu yake rasmi ilitoka Mei 2025, na upande wa Android, mfumo wa Google unaotumiwa na simu na vishikwambi vya kampuni nyingi, ilitangulia. Kumbuka tu kwamba simu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa nayo hutolewa, kwa hiyo usiifungie kabatini.

Hesabu yangu basi ni hii: kompyuta, kamera na kifaa cha muziki vinatoka, redio na simu vinabaki, kifaa cha vitabu utakiamua mwenyewe. Kwa maoni yangu, faida hiyo inatosha kabisa kukifanya kishikwambi kistahili kununuliwa.

Sasa dukani. Kitu cha kwanza si jina la kampuni wala kasi ya kichakataji, ni mkono wako. Vioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, na vishikwambi vingi vinaangukia kati ya inchi 8 na 13. Kioo kikubwa kinavutia macho yaliyochoka, lakini kina uzito wake. iPad ya kawaida ya mwaka 2022, yenye inchi 10.9, ina uzito wa gramu zipatazo 480, wakati iPad mini yenye inchi 8.3 haifiki gramu 300, na vile vya inchi 13 huvuka nusu kilo. Nusu kilo haisikiki ukiinyanyua kwa sekunde mbili mbele ya muuzaji. Omba kiti, kaa, kishike kwa mkono mmoja kama utakavyokishika nyumbani, na ukisome kwa dakika tano bila kukiweka chini. Kiungo cha dole gumba kitakupa jibu ambalo karatasi ya maelezo haina. Kwa watu wengi wa umri wako naona inchi 10 hadi 11 ndiyo saizi yenye busara, pamoja na kava linalokunjika likakisimamisha mezani, ili mikono ipumzike.

Ukiwa bado umekaa, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya ukubwa wa maandishi, uyakuze hadi usome bila kukunja uso. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka ya arobaini hivi watu wengi huanza kusogeza gazeti mbali ili waone. Si ugonjwa, na kishikwambi kinaweza kukusaidia kuliko gazeti kwa kuwa herufi zake zinakua. Kisha angalia kama maandishi yaliyokuzwa yanakaa vizuri kwenye programu utakazozitumia hasa, kwa sababu programu nyingine hukata maneno pembeni au huficha kitufe cha chini. Jambo hilo huwezi kulijua kwa kuambiwa.

Kuhusu hifadhi, usichukue kile kidogo kuliko vyote. Mfumo wenyewe hula sehemu ya nafasi kabla hujaweka picha hata moja, na kifaa kilichojaa hushindwa kupokea masasisho, jambo ambalo humfanya mwenye nacho adhani kimeharibika. Gigabaiti 128 zinatosha watu wengi kwa miaka. Vishikwambi vingi vya Android vina tundu la kadi ya kumbukumbu ya kuongezea nafasi. iPad haina, kwa hiyo upande huo unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho.

Je, uchukue chenye laini au cha Wi-Fi tu? Kama nyumbani kuna Wi-Fi na hutembei nacho sana, cha Wi-Fi kinatosha, na siku ukisafiri simu yako inaweza kukigawia intaneti. Kama nyumbani hakuna Wi-Fi, chukua chenye laini, kwa sababu kugawa intaneti kutoka kwenye simu kila siku kunamaliza betri ya simu na kunaleta hatua mbili tatu za ziada ambazo mtu huzichoka upesi, na kifaa kilichochokwa hurudi kabatini.

Mfumo gani, wa Apple au wa Android? Nitakupa kipimo ninachokiamini kuliko vyote: chukua ule unaotumiwa na mtu atakayekusaidia. Siku kitu kitakapokwama utampigia simu kijana wako, naye akiwa na mfumo uleule atakuambia, «Gusa ile alama ya gurudumu la meno, kisha shuka chini,» akiona mbele yake kile unachokiona wewe. Pili, kama simu yako ni ya Android, kishikwambi cha Android kitachukua majina na picha zako kwa kuingiza akaunti ileile. Kama ni iPhone, iPad itafanya vivyo hivyo. Tatu, kwa anayependa kusoma menyu kwa lugha yake, Android ina Kiswahili katika mipangilio, na tangu Agosti 2017 huduma ya Google ya kuandika kwa sauti inaelewa Kiswahili, yaani unasema, maneno yanajiandika. Kwa vidole vilivyokakamaa hiyo ni neema kubwa. Vishikwambi vya Fire vya Amazon navyo vinatokana na Android, lakini haviji na duka la programu la Google, kwa hiyo uliza kwanza kama programu ya benki yako inapatikana humo.

La mwisho kabla ya kulipa: uliza kifaa hicho kitapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani, na jibu liwe mwaka, lisiwe «bado kipya hiki.» Wewe tayari unajua maana ya kifaa kinachobaki bila masasisho. Ili upate kipimo, iPad Air 2 iliyotoka mwaka 2014 iliendelea kupokea mifumo mipya hadi iPadOS 15 ya mwaka 2021, miaka saba. Vishikwambi vya bei ya chini sana mara nyingi havifiki huko, na kile kinachoonekana rahisi leo unaweza kulazimika kukinunua mara mbili. Angalia pia tundu la chaja. Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 vitumie tundu la USB-C, na watengenezaji wameufuata utaratibu huo kwingineko. Ukipata kishikwambi na simu vyenye tundu hilo, chaja moja inatosha vyote viwili, na zile nyaya zisizoingiliana zinaanza kuondoka moja moja.

SWALI: *Dada, tulimnunulia mama kishikwambi kizuri. Ana miaka 78. Anasema kinamkataa: anagusa hakisikii, au anagusa hiki kinafunguka kile, au picha zote zinaanza kutikisika naye anaogopa amekiharibu. Amekirudisha kwenye boksi. Tumekosea kununua?*

JIBU: Hapana, mdogo wangu, hamkukosea, na mama hajakosea pia. Tafadhali mwambie hivyo kwanza, kwa maneno yaliyo wazi, kwa sababu mzee akishaamini kwamba kifaa kinamkataa, hakuna mpangilio wa kiufundi utakaomrudisha.

Vioo hivi havisikii nguvu ya kidole. Vinahisi chaji ndogo ya umeme ambayo mwili wa mtu huibadilisha pale ngozi inapokaribia kioo, na ngozi ya uzeeni, ikiwa kavu na ngumu kwenye ncha za vidole, hupunguza mabadiliko hayo hata kioo kikashindwa kutambua kwamba kimeguswa. Kwa hiyo mama akiona hakisikii, hufanya lile ambalo kila mtu angelifanya, anabonyeza kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Na hapo ndipo balaa huanza, kwani kugusa kwa muda mrefu, kwenye kifaa hiki, ni amri nyingine kabisa. Zile picha ndogo zinazotikisika ni iPad ikidhani kwamba mama anataka kupanga upya programu zake. Hakuna kilichoharibika, ukigusa sehemu tupu ya kioo au kitufe cha nyumbani, zinatulia.

Nilikaa na mama yangu mzazi katika hali hiyohiyo. Alikuwa amezoea vitufe vya simu ya zamani, vile ambavyo usipovikandamiza havishuki, na nilimwona akikiweka kidole cha shahada juu ya kioo, ukucha ukiwa umetangulia, akikandamiza hadi ncha ya kidole ikageuka nyeupe. Ukucha hauhisiwi na kioo. Nilimwomba alaze kidole kidogo ili mnofu wa ncha ndio uguse, kisha nikamwambia aguse kama anavyogusa shavu la mtoto aliyelala ambaye hataki kumwamsha. Akacheka, akagusa, ikafunguka. Tulifanya zoezi hilo moja tu siku ile, dakika kumi, tukakifunga.

Zaidi ya zoezi, kuna mambo ya kumrekebishia. Mafuta kidogo ya mikono, yakishaingia kwenye ngozi, husaidia kweli. Kalamu ya kugusia yenye ncha ya mpira laini husaidia zaidi, hasa kama mkono unatetemeka. Kama mlibandika karatasi nene ya kulinda kioo, ibandueni mjaribu bila hiyo. Kisha ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, yaani ile ya kuwasaidia wenye shida ya kuona, kusikia au kugusa. Kwenye iPad kuna mpangilio unaokiambia kioo kipuuze miguso ya bahati mbaya na kisubiri kidole kikae kwa muda fulani kabla ya kutii. Kwenye Android unaweza kurefusha muda ambao kifaa huuhesabu kuwa ni kugusa kwa muda mrefu, ili kidole kizito kisitafsiriwe vibaya. Kama mama anatumia kifaa cha kusaidia kusikia chenye Bluetooth, sehemu hiyohiyo inaweza kukiunganisha, na sauti ya mazungumzo ya video ikaingia masikioni mwake moja kwa moja.

Halafu ondoeni vitu. Ukurasa wa kwanza ubaki na programu nne au tano anazozihitaji, zikiwa na nafasi kati yake, na nyingine zote zifichwe ukurasa wa nyuma. Msimfundishe mambo saba kwa siku. Mfundisheni kupokea simu ya video, kisha mmpigie kila jioni kwa wiki nzima, hadi kidole kiijue njia chenyewe.

SWALI: *Shikamoo, mama. Nataka kumnunulia baba kishikwambi na kumpunguzia usumbufu. Nimepanga kukiandaa chote mwenyewe kwa akaunti yangu, niweke neno la siri ninalolijua mimi, ili yeye akipokee kikiwa tayari. Kuna ubaya?*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nia yako ni njema, na ubaya upo, tena ni mkubwa kuliko unavyoonekana.

Kishikwambi cha kwanza cha mama yangu kilinunuliwa kwenye duka ambalo muuzaji wake alikuwa mkarimu sana. Alituuliza kama tuna barua pepe, mama akasema hana, naye akatengeneza akaunti papo hapo kwa majina aliyoyabuni na neno la siri ambalo hakuliandika popote. Mwaka na nusu baadaye kifaa kilidai neno hilo. Muuzaji alikuwa ameshaondoka pale, namba ya simu iliyowekwa kwenye akaunti haikuwa ya mama, na picha za mwaka mzima, zikiwemo za mwisho za kaka yake, zilibaki ndani tukiwa tumekishika mkononi. Hatukuzipata. Najua jinsi mama alivyokitazama kile kioo, na ndiyo maana naliandikia jambo hili kwa urefu.

Akaunti iwe ya baba, kwa jina la baba, na namba ya kurejeshea iwe ya simu ya baba. Fanyeni kazi hiyo pamoja, yeye akiwa ndiye anayeandika, hata ikichukua jioni nzima. Ukiweka akaunti yako, picha zako na za kwake zitachanganyika, ujumbe wako unaweza kutokea kwake, na ukifuta kitu kwako kitafutika kwake. Zaidi ya hayo, mtu mzima aliyezoea kuendesha mambo yake atakuwa amegeuzwa mgeni ndani ya kifaa chake mwenyewe. Neno la siri aliandike kwenye daftari, akaliweke anapoweka hati zake. Wataalamu wa zamani walikataza kuandika. Mimi nasema kwa mzee anayeishi nyumbani kwake, hatari ya kusahau ni kubwa kuliko hatari ya mwizi wa daftari. Asiandike tu kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kifaa.

Mkiwa hapo hapo, mlizungumzie pia lile ambalo watu hulikwepa. Tangu mwisho wa mwaka 2021 Apple inamruhusu mwenye akaunti kuteua watu watakaoweza kuomba kufungua kumbukumbu zake akifariki, na Google tangu mwaka 2013 ina utaratibu wa mtu kuchagua, baada ya akaunti kukaa kimya kwa miezi kati ya 3 na 18, nani apewe taarifa na apewe nini. Baba ndiye wa kuamua, wewe unamwonyesha tu mahali pa kugusa. Google pia, kwa sera iliyotangazwa mwaka 2023, inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, kwa hiyo akaunti iliyojaa picha isiachwe ikalala.

Mweleze pia kuhusu matapeli, na usimweleze kama anayemtisha mtoto. Apple, Google na Microsoft hawampigii mtu simu ambaye hakuwaomba ili kumwambia kwamba kifaa chake kina virusi. Anayepiga na kusema hivyo, kisha akaomba baba apakue programu ya kumsaidia kwa mbali, anataka kukiendesha kishikwambi yeye na kuingia benki akiwa ndani yake. Tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu hazisomwi kwa mtu yeyote, hata anayejua jina lake kamili. Mkubaliane neno moja la kifamilia, ili mtu akipiga kwa sauti inayofanana na yako akidai una shida ya fedha, baba amuulize neno hilo. Kama hana, akate simu bila kuona haya.

SWALI: *Nimepata kishikwambi kilichotumika kwa bei nzuri. Nichukue?*

JIBU: Chukua endapo aliyekuwa nacho atakifuta mbele yako kikaanza upya kama kipya, bila kudai akaunti ya zamani. Apple tangu mwaka 2013 na Android tangu mwaka 2015 zina kufuli linalokifunga kifaa kwenye akaunti ya mwenyewe hata kikifutwa, na anayekuambia kwamba atakutumia neno la siri baadaye huenda hana neno hilo. Angalia mwaka wa mwisho wa masasisho. Kilaze mezani kikiwa kimetazama chini; kikiyumba au kioo kikiwa kimeinuka ukingoni, huenda betri imevimba, achana nacho.

SWALI: *Kishikwambi nimeshanunua, nashukuru kwa ushauri wa toleo lililopita. Sasa kompyuta na kamera ya zamani nivifanyie nini?*

JIBU: Usivitoe nyumbani kwa mwezi mmoja wa mwanzo. Katika mwezi huo utagundua kile ulichokisahau: anwani zilizohifadhiwa kwenye programu ya zamani, barua iliyoandikwa mwaka 2009, folda ya picha iliyofichwa ndani ya folda nyingine. Vihamishe vyote, tena katika sehemu mbili, moja kwenye akaunti yako ya mtandaoni na nyingine kwenye diski ya nje inayokaa kabatini, kwa sababu nakala iliyo mahali pamoja ni sawa na kutokuwa na nakala. Vifungue vichache kwenye kishikwambi uhakikishe vinasomeka kweli.

Baada ya hapo ondoka kwenye akaunti zako zote kwenye kompyuta, kisha uirejeshe katika hali ya kiwandani kwa kutumia chaguo la kufuta kila kitu. Kufuta mafaili kwa mkono na kumwaga pipa la taka hakutoshi, kwani yanaweza kurudishwa na anayejua. Kama bado ni nzima, mtu anayejifunza kuandika kwa kibodi anaweza kuifurahia, mradi aambiwe kwamba haina masasisho na isitumike kwa mambo ya benki. Betri za lithiamu zisitupwe pamoja na takataka za kawaida, kwa sababu zikipondwa au kutobolewa huwaka. Zipelekwe zinakopokelewa vifaa vya kielektroniki.

Na kabla kamera haijaondoka mkononi mwako, fungua kile kimlango cha chini, bonyeza kadi ya kumbukumbu iruke nje, uisome kwenye kishikwambi kwa kisomeo kidogo cha kadi. Mara nyingi huwa zimebaki humo picha ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzihamisha.